Upawa, Sinia na Uzito wa Kadzo

Siku yangu ya kwanza katika jiko la hospitali nilipewa mbuzi ya kukunia na nazi arobaini, nikaambiwa wagonjwa wanakula saa saba. Nyinyi vijana wa jikoni mnaokuna kwa mashine mtadhani ni mzaha. Nilikuna mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Bi. Rehema, mpishi mkuu wa wakati huo, alikuja akachota chicha kwa vidole viwili, akaitazama kwenye mwanga wa mlango na kuniuliza, "Karisa, mgonjwa wako atakula nazi au atakula kifuu?" Nilikuwa nimekuna hadi kwenye ngozi ya kahawia. Tui langu lilikuwa na rangi ya chai.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja kutoka Jilore, niliyeacha shule darasa la sita. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujaisha, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo wanne. Nilichoma makaa, nikalima mashamba ya watu, na jioni nikawapikia. Kwa hiyo nilipofika Malindi kuomba kazi na kuulizwa kama najua kupika, sikusema uongo nilipojibu ndiyo. Sikueleza tu kwamba nilichojua ni sima na mboga chungu ya mtsunga, basi.

Vyeo na mishahara sitaviandika hapa. Kupanda cheo katika jiko letu ni kuhama kutoka upande wa moshi kwenda upande wa dirisha. Mimi nilihama baada ya miaka tisa, na macho yangu yakashukuru.

Bi. Rehema alikuwa Mswahili wa mji wa kale, mfupi, asiyepandisha sauti. Alinifundisha mambo mawili ambayo nawaachia nyinyi. La kwanza ni upawa. Alisema upawa wa hospitali ni kipimo kama sindano ya muuguzi: upawa mmoja na nusu wa wali kwa kila mgonjwa, mmoja wa mchuzi, asiongezewe mzuri wala asipunjwe mkorofi. La pili ni sahani zinazorudi. "Zisome kabla hujaziosha," alisema. "Mgonjwa hakuambii kitu, sahani yake itakuambia."

Mzee mmoja wa Kaloleni alirudisha chakula siku tatu bila kukigusa, na kwenye karatasi yake pakaandikwa kwamba hana hamu ya kula. Bi. Rehema alikwenda akaketi ukingoni mwa kitanda, wakazungumza habari za minazi na mvua, akarudi jikoni na jibu. Hamu mzee alikuwa nayo. Meno ndiyo hakuwa nayo, na aliona haya kulisema mbele ya wauguzi vijana. Tulimpondea samaki kwenye mchuzi, sahani ikarudi nyeupe. Tangu hapo nilijua kwamba penye chakula watu huona haya kuliko wanavyoonyesha. Nilijua, kisha nikasahau, na hilo ndilo hasa ninalotaka kuwasimulia.

Bi. Rehema alipostaafu nilishika nafasi yake, na miaka ikaenda. Maradhi nayo yakageuka. Zamani kazi yetu ilikuwa kuwanenepesha watu, sasa tukaanza kuhangaika kuwapunguza. Presha, sukari, magoti. Akaletwa afisa wa lishe, Salome, binti mchapakazi asiyechoka kuuliza, akaanzisha darasa la Jumatano la watu wanaotakiwa kupunguza uzito. Aliniletea karatasi kubwa niibandike kando ya dirisha la kugawia. Safu ya kijani ilikuwa ya vyakula vizuri, na safu nyekundu ya vyakula vibaya. Nazi ilikuwa nyekundu, mahamri mekundu, wali, muhogo wa kukaanga na viazi karai vyote vyekundu. Kwenye kijani palikuwa na mchicha, matango, na vitu vitatu ambavyo mimi sijapata kuviona sokoni Malindi.

Mtu aliyeacha shule mapema huiamini sana karatasi. Niliibandika kwa uji wa unga wa ngano ili isibanduke, nikawa askari wake. Wagonjwa wakaanza kuninong'oneza. Mama mmoja wa Gede aliniuliza habari za hamri moja kwa sauti ambayo watu huulizia bangi. Dereva mmoja alikutwa na viazi karai ndani ya foronya, vimefungwa kwenye gazeti. Muuguzi alipomuuliza, akasema ni vya mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye alikuwa ameruhusiwa tangu juzi. Nilicheka na wenzangu. Sikujiuliza kwa nini mtu mzima mwenye wajukuu afiche kiazi.

Ndipo akaja Kadzo, mdogo wangu anayenifuata. Aliolewa Malindi mjini, akaingia katika Uislamu, na anaishi nyumba moja na wifi yake, Bi. Zuhura, na watoto na wajukuu wao. Alikuwa na ngiri ya tumbo, uvimbe kando ya kitovu uliotokeza akisimama na kurudi ndani akilala, naye alikuwa ameuficha chini ya leso zaidi ya mwaka. Daktari wa upasuaji alimpima, akamweleza nikiwapo. Kwa uzito ule na presha ile, kumlaza mezani ni hatari, na hata akishonwa nyuzi hazitashika. Apunguze kilo kumi na mbili kwanza. Na ikitokea siku uvimbe ukawa mgumu, ukakataa kurudi, na akatapika, asingoje kesho.

Tulipotoka aliniuliza, "Kaka, kilo kumi na mbili ni kiasi gani?"

"Ndoo ya maji, zaidi ya nusu."

"Na mimi ndoo hiyo nimeibeba wapi siku zote hizi?"

Nilimwambia nitalisimamia mwenyewe. Nilimlea tangu ana miaka kumi. Nilidhani kumpunguza kutakuwa rahisi kuliko kumnenepesha, ambako kulinitoa jasho.

Nilinakili karatasi ya Salome kwa mkono wangu. Nilimnunulia sufuria ndogo, nikampelekea na amri: mboga za kuchemsha, bila nazi, bila mahamri, na asile na wenzake asije akashawishika. Alitii. Kadzo hunitii, na huo ndio ulikuwa ubovu wa dawa yangu. Baada ya wiki tano alikuwa amepungua kilo nne, nikamtangaza kwenye darasa la Jumatano kama mtu anayetangaza mtihani wa mwanawe. Wiki ya kumi mizani ilionyesha kwamba zile nne zimerudi, na moja imezifuata.

"Mizani yenu imeharibika," alisema, macho ukutani.

"Haijaharibika."

"Basi mimi ndiye." Akashuka, akavaa ndara zake. "Kaka, tuache. Nitazikwa nayo hii ngiri."

Hakulisema kwa uchungu, alilisema kama mtu anayetaja bei. Kisha akanieleza kwamba wiki ile uvimbe ulitoka ukakaa nje, mgumu, karibu saa nzima, naye amelala chali akiubonyeza kwa kiganja huku akisoma dua. Mimi si mtu wa maneno mengi, lakini kuacha sijui. Jumamosi nilikwenda kwake.

Bi. Zuhura alinipokea ukumbini. Ni mwanamke mwenye ulimi, na nilistahili kila alichonipa.

"Karibu, shemeji. Leo umeleta chombo gani?"

"Nimekuja mikono mitupu."

"Afadhali. Mara ya mwisho ulileta sufuria, dada yako akahama."

"Amehama kwenda wapi?"

"Yuko humu humu, lakini amehama. Sisi tunapakua, yeye anajifungia na majani yake. Majirani wananiuliza tumegombana nini. Shemeji, mtu asipokula na watu wa nyumbani mwake, wewe unadhani watu wanafikiria mizani? Wanafikiri anaogopa kutiliwa kitu."

Nyinyi ni watu wa hapa, mnajua uzito wa neno hilo. Mimi pia nilikuwa nalijua. Nilikulia Jilore, nimeona ukoo ukivunjika kwa sababu ya kikombe cha uji kilichokataliwa kwa kuogopewa sumu. Lakini nilipoiandika ile amri ya kula peke yake nilikuwa nafikiria karatasi.

"Na akaniambia hospitali imesema nazi ni mbaya," Bi. Zuhura aliendelea. "Nazi iliyomlea mumewe, ikamlea na baba mkwe wake."

Kadzo alikuwa amesimama mlangoni. "Sikuwa na nia ya kuwatukana, wifi."

"Najua. Lakini nilitukanika."

Nilimuuliza Kadzo anakula nini hasa. Akasema kwamba baada ya chakula cha mchana, nyumba ikilala, yeye huenda jikoni, hufunua kawa ya kufunikia chakula na kukwangua ukoko na wali uliobaki. "Nakula nimesimama. Kijiko kimoja tu, nasema. Nikishakila najua nimekwisha kosa, siku imeharibika, basi namaliza sufuria. Kesho nitakuwa mtu mwema. Na kesho inakuwa vile vile."

"Kwa nini umalize?" nikauliza, kwa sauti ya kaka.

Alinitazama sana. "Wewe ndiye unayeniuliza kwa nini namaliza? Nani alitukalisha mbele ya sufuria mpaka ing'ae? Kitinda mimba wetu alilia kwamba ameshiba, ukamwambia haondoki mtu hapa na tonge limebaki."

Ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilikuwa naogopa siku ambayo hakutakuwa na tonge. Mtoto aliyebakisha nilimwona kama anayemwaga maji wakati wa ukame. Niliwapa chakula, na pamoja nacho nikawapa hofu yangu, nao wakameza vyote viwili. Miaka arobaini baadaye mimi huyo huyo nikamletea karatasi ya kumwambia kwamba anachokula ni kibaya. Kwanza nilimkataza kuacha, kisha nikamkataza kula. Katika yote mawili hakuna aliyemuuliza tumbo lake linasemaje.

"Kadzo," nikamwambia, "ile ilikuwa amri ya njaa. Njaa iliondoka, mimi nikasahau kuifuta amri yake. Leo naifuta. Ukishiba, bakisha. Na ile karatasi nimeifuta pia."

"Mna mambo, watu wa Jilore," Bi. Zuhura alisema. "Sasa nielezeni hizi kilo ni za nini."

Hapo nikagundua kwamba hakuambiwa lolote. Nilitoka nje kidogo, Kadzo akafungua leso akamwonyesha. Niliporudi Bi. Zuhura alikuwa akimfunga leso upya. "Mwaka mzima tunapakana ukuta," akasema, "unanificha tumbo."

Nikaona sasa kazi ni nyepesi. Nikamwambia Kadzo arudi ale na wenzake, ale kila kitu, ila apakue nusu ya sahani aliyozoea. Bi. Zuhura akanicheka.

"Sahani ya nani, shemeji? Sisi tunakula sinia."

Miaka thelathini na tano ya upawa, na sikuwa nimefikiria sinia. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto. Wanawake watano na watoto wao huzunguka sinia moja, na Kadzo ndiye mama wa nyumba. Mama wa nyumba hawi wa kwanza kunyanyua mkono na kuacha kula. Akinyanyua, mgeni naye ataona haya, atanawa na njaa yake, na watoto watajua chakula kimekwisha. Kwa hiyo Kadzo hula mpaka wa mwisho ashibe, mchana na jioni, mwaka hadi mwaka. Hakuna safu ya kijani inayoweza kutibu hilo.

"Basi tufanyeje?" nikauliza. Sijui mara ya mwisho nilimuuliza mtu swali hilo ilikuwa lini.

Bi. Zuhura alifikiri. "Mkono usiondoke kwenye sinia, hilo haliwezekani. Lakini si lazima kila safari uende kinywani. Akishashiba, achambue samaki. Awatolee miba watoto, awasogezee wageni. Nani atajua?" Akaongeza kwamba kila mtu hula mbele yake, adabu haimruhusu kuvuka upande wa mwenzake, na anayemimina ni yeye. Upande wa Kadzo angeutandaza wali mwembamba, mchicha wa nazi na samaki akavilundika pale. "Na nazi itabaki," akasema. "Usije ukaniletea tena maneno ya nazi."

Jumatatu nilimweleza Salome yote, na ni haki yake niandike kwamba hakukasirika. Alisema, "Mzee Karisa, kila Jumatano nasema nusu ya sahani, nusu ya sahani. Mbona hakuna aliyeniambia kwamba hana sahani?"

"Wangekuambiaje? Walikuwa wanaficha viazi."

Aliibandua karatasi mwenyewe. Uji wangu wa ngano ulikuwa umeshika kama saruji, ikabidi atumie kisu, na safu nyekundu ndiyo iliyosumbua zaidi. Darasa la Jumatano likabadilika. Hakuuliza tena "umekula nini kibaya?" Aliuliza: ulikuwa na njaa ulipoanza? Ulishiba wapi, na uliacha wapi? Nani alipakua? Nani alikuwa anakutazama? Watu wakaanza kusema. Yule mama wa Gede alieleza kwamba hamri moja haikuwa shida yake kamwe. Shida ilikuwa kuinunua kwa kujificha na kuila haraka kabla hajafika nyumbani, hata asijue kama ameila. Sasa akawa anaketi nayo, na chai, mezani kwake. Moja ikamtosha. Sisemi kwamba wote walipungua. Wengine hawakupungua. Lakini foronya zetu zilipona.

Kadzo hakuwa na haraka, wala mimi. Mizani ilishuka polepole, nusu kilo, kisha hakuna, kisha nusu tena. Alirudi kutembea asubuhi hadi sokoni, maana uvimbe ulikuwa umemfanya aogope kutembea, na Bi. Zuhura akafuatana naye ili, alivyosema, asichague samaki vibaya. Mwezi wa nne kulikuwa na harusi ya mpwa wa mumewe, pilau siku tatu. Nilijizuia nisiseme neno, na kujizuia huko kulinigharimu kuliko nazi arobaini. Jumatano alikuja mwenyewe, akapanda kwenye mizani bila kutazama ukuta.

"Nimeongezeka kilo moja na nusu," alimwambia Salome. "Sababu naijua, na ilikuwa tamu. Andika."

Salome akaandika. Zamani siku kama ile ingekuwa mwisho wa safari. Safari hii alirudi nyumbani, akaketi kwenye sinia yake kama kawaida, akachambua samaki.

Uvimbe ulikaza mara moja tena, mwezi wa sita, tukamkimbiza hospitali, ukarudi ndani tukiwa tungali mapokezi. Siku hiyo niliogopa kweli, na nilitamani karatasi, kisu, amri, chochote cha kushika. Kadzo ndiye aliyenituliza. "Kaka, usinikazie uso. Niko njiani."

Mwezi wa tisa alikuwa amepungua kilo kumi na moja. Nilimwomba daktari kwa macho, kwa kuwa kwa mdomo nilishindwa. Akapima presha mara mbili, akageuza kurasa za nyuma za faili lake, moja baada ya nyingine, akamuuliza Kadzo, "Hii kilo moja iliyobaki iko wapi?"

"Iko kwenye mahamri, daktari. Tunaelewana."

Daktari alicheka, akasema kwa kilo moja hatatukwamisha, akampa siku.

Alipasuliwa salama. Mwezi wangu wa mwisho kazini kabla ya kustaafu, Kadzo alikuwa amelala wodi ya wanawake, kitanda cha nne kutoka mlangoni. Siku aliyoruhusiwa kula chakula kamili nilisukuma mkokoteni mwenyewe. Wali, mchuzi wa samaki, mchicha. Nikafika kitandani kwake nikiwa na upawa mkononi, umekwisha jaa kwa mazoea ya mmoja na nusu. Nikaurudisha kwenye sufuria.

"Nikupakulie kiasi gani?" nikamuuliza.

Hakuna mgonjwa niliyewahi kumuuliza hivyo, katika maisha yangu yote ya kazi. Kadzo alijiinua kwa kiwiko, akaitazama sahani.

"Pakua, nitakuambia."

Nikapakua kidogo. "Bado," akasema. Nikaongeza. "Bado kidogo." Nikaongeza. "Basi, kaka." Nikausimamisha mkono pale pale.

Bibi wa kitanda cha tano alikuwa akitutazama, shingo ameinyoosha. "Mpishi," akasema, "mbona mie huniulizi?"

Nilimuuliza. Kisha nikamuuliza wa sita, na wa saba, mpaka mwisho wa wodi. Chakula cha mchana kilichelewa siku hiyo, muuguzi wa zamu akanung'unika, na mimi sikuomba radhi.